Kosa Alilokiri Mwalimu Makungu

Nchi ya Kifikio nimeingia mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili niliitwa na serikali yake kwa kazi yangu ya kuchora ramani. Safari yenyewe sitaieleza. Milima ni milima na matope ni matope popote uendapo. Nitaeleza niliyoyaona nikiwa ndani, na hasa habari za mtu mmoja, Mwalimu Makungu, ambaye mpaka leo nikimkumbuka huweka kalamu chini na kukaa kidogo.

Kwanza mzijue desturi zao. Wafikio wanaamini kwamba kufika ndiko kwenye maana, na kupita hakuna maana yoyote. Wakikutana asubuhi huulizana, "Umefika?" na mwenzake hujibu, "Nimefika," hata kama ndiyo kwanza anafungua mlango wa nyumba yake. Kutokana na imani hiyo wametunga Sheria ya Njia Moja, ambayo ndiyo mama wa sheria zao zote. Inasema kwamba ikishapatikana njia ya kufika mahali, njia nyingine yoyote ya kufika hapo hapo ni marufuku. Wana idara kubwa ya wafunga-njia, watu wenye sare za kaki na majembe, ambao kazi yao ni kuvitafuta vichochoro na kuvipanda michongoma. Nilipoomba ramani ya zamani ya mji mkuu ili nianzie hapo, nililetewa karatasi pana yenye mstari mmoja.

Wala sheria haikuishia barabarani. Maharage yalikuwa na namna moja ya kupikwa. Kuposa kulikuwa na maneno yake, na kijana aliyeongeza neno lake mwenyewe, posa ilirudishwa. Siku niliyopelekwa kulitembelea Baraza lao, wajumbe walikuwa wanajadili kama mtu anayerudi kwa njia aliyoendea ametumia njia moja au mbili. Ulikuwa mjadala mkali, lakini wa heshima. Mwishowe walipitisha kwamba anayerudi atembee kinyumenyume, ili iwe wazi kwamba bado yumo katika safari ile ile ya kwenda. Jioni niliwaona watu wazima wakirudi makwao hivyo, wakigongana migongo na kuombana radhi.

Nilipangiwa chumba nyumbani kwa Mwalimu Makungu, aliyefundisha hesabu katika chuo cha mji. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kidogo, na kanzu yake daima ilikuwa na alama za chaki upande wa kulia, kwa sababu alifutia mkono hapo. Mkewe, Bi Siwazuri, alikuwa na pumu. Kuna siku alitembea vizuri mpaka sokoni na kuna siku hakuweza kumaliza sentensi, na daktari alikuja kila mara kumfukizia dawa. Lakini pumzi iliporuhusu, hapakuwa na mcheshi kama yeye.

"Mume wangu," aliniambia siku ya kwanza, "anafundisha mawe kuanguka. Yalikuwa yanaanguka tangu zamani, lakini yeye hakuridhika."

Mezani tulikuwa wanne, maana alikuwapo pia Kidawa, mwanafunzi wake mkubwa, mwanamke wa umri wa kuolewa ambaye tayari alikuwa anafundisha madarasa ya chini. Nyumbani kwake mwenyewe alikula kwa nadra tu. Mwalimu na mkewe hawakujaaliwa mtoto, na walimwita mwanangu bila kujitambua.

Nilimwomba Mwalimu anieleze kazi yake, nikidhani nitapewa jibu la adabu la mstari mmoja. Badala yake alisogeza sahani.

"Bwana Mwinshehe, ukirusha jiwe, utajuaje litakapoangukia?"

"Nitalisubiri lianguke," nikasema. Bi Siwazuri akacheka mpaka akashika kifua.

"Sisi hapa tuna Njia ya Kale," Mwalimu akaendelea. "Inalifuata jiwe kama askari anavyomfuata mwizi. Kila hatua inauliza, nani amelisukuma, kwa nguvu gani, kuelekea wapi. Na inafika. Sina ugomvi nayo. Lakini mimi nilijaribu kulitazama jiwe kwa mbali. Nikazichora njia zote ambazo lingeweza kupita kutoka mkononi mpaka chini, za kweli na za kipuuzi. Kila njia nikaipa uzito wake, kwa hesabu ambayo nimeitunga. Nikakuta kwamba ile ambayo jiwe huipita kweli ina sifa yake: ukiipindisha kidogo tu, uzito wake hautikisiki. Nyingine zote hutikisika."

"Na mwanga, Mwalimu," Kidawa akasema, kama mtu anayeujua wimbo na anangoja kiitikio.

Mwalimu akachukua bilauri ya maji, akatumbukiza kijiko ndani yake. Kijiko kikaonekana kimevunjika. "Mwanga ukiingia majini hujipinda. Sheria ya kujipinda kwake ni hiyo hiyo ya jiwe. Jiwe na mwanga, Bwana Mwinshehe! Hesabu za jiwe naweza kuziandika kwa maneno yale yale ninayoandikia mawimbi."

"Kwa hiyo jiwe ni wimbi?"

"Sijasema hivyo. Nasema linaandikika kama wimbi. Kwa nini, sijui. Nahisi kuna jambo nyuma yake, lakini mimi sitaliona, labda mtu wa baadaye."

"Na jibu lako linatofautiana vipi na la Njia ya Kale?"

"Halitofautiani. Hata kwa upana wa ukucha." Alisema kwa fahari. Nilimwona Kidawa akiinamisha macho kwenye wali wake, na Bi Siwazuri naye akaacha kucheka.

Sikuelewa mara moja. Nilielewa wiki ile ile, Mwalimu alipoisoma hesabu yake mbele ya chuo. Mkaguzi alitumwa. Wakarusha mawe uani, wakapima, wakalinganisha, na kila jiwe likaanguka pale Mwalimu alipokuwa ameweka alama ya chaki. Kwa kuwa hakukosea hata mara moja, alifunguliwa mashtaka.

Siku iliyotangulia kesi, Mkuu wa Baraza alikuja nyumbani mwenyewe, mchana, bila walinzi. Aliitwa Pandu Shomvi. Alikuwa amesoma darasa moja na Mwalimu utotoni, na nasema kwa haki kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikaa, akapewa kahawa, akaishika bila kuinywa.

"Makungu, ndugu yangu," akasema, "nchi hii haijawahi kumwadhibu mtu kwa kukosea. Kosa halifiki popote, kwa hiyo si njia. Sema kuna kosa ndani ya hesabu yako. Tutakupigia makofi, tutavunja vibao ulivyoiandikia, utarudi darasani kesho yake."

"Na nikisema hakuna?"

"Utakuwa umefika kwa njia ya pili. Utaachishwa kufundisha, na njia ya kuja mlangoni pako itafungwa. Watu watakupitishia chakula juu ya michongoma."

"Na daktari?"

Bwana Pandu akatazama kikombe chake. "Daktari ni mtu kama watu wengine, Makungu."

Hapo Kidawa, aliyekuwa ameketi kando na Bi Siwazuri, hakuvumilia. "Mwalimu, hakuna kosa! Nimeipitia yote, mwanzo mpaka mwisho. Naijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Ukisema lipo, watu watatupa kitu ambacho hakuna aliyekiona kabla yako."

"Nyamaza kidogo, mwanangu," Bi Siwazuri akasema. Kisha akamgeukia mumewe. Alivuta pumzi katikati ya maneno. "Makungu. Usiniweke mimi kwenye mizani. Sikuolewa niwe jiwe la kupimia."

Mwalimu alikuwa anamtazama jinsi kifua chake kinavyopanda na kushuka.

Kesi ilijaza ukumbi. Kwa kuwa mimi ni mgeni wa serikali, niliwekwa mbele. Mjumbe wa kwanza alisimama na kuuliza, "Kwa Njia ya Kale, jiwe liliangukia wapi?"

"Kwenye alama," Mwalimu akajibu.

"Na kwa njia yako?"

"Kwenye alama."

"Basi umelizungusha jiwe la watu dunia nzima ili liangukie lilipokuwa linakwenda." Ukumbi ukacheka. Mjumbe akangoja kicheko kitulie, akaketi ameridhika.

Mwingine, mzee wa sauti nyembamba, alitaka kujua hizo njia zilizochorwa ambazo jiwe halikuzipita ni mali ya nani, na nani aliruhusu zichorwe. Mwingine akasema tatizo lake ni kijiko: kama mwanga na jiwe vina sheria moja, ni ipi kati ya idara mbili itakayoisimamia, Idara ya Taa au Idara ya Machimbo? Jambo hilo lilijadiliwa mpaka saa ya chakula. Ninakumbuka Mwalimu alivyosikiliza yote kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja, kana kwamba pengine katika maneno yale angepata swali la kweli. Halikutokea.

Mwishowe Bwana Pandu akasimama. "Mwalimu Makungu. Nakuuliza kama sheria inavyotaka. Katika hesabu yako, kuna kosa?"

Bi Siwazuri alikuwa ameketi safu ya tatu. Ukumbi ulikuwa na joto na vumbi la watu, na alikuwa ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili, midomo imeanza kugeuka rangi. Alimtikisia mumewe kichwa. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba anamwambia hapana, usiseme.

"Lipo," Mwalimu akasema.

"Liko wapi?" mzee wa sauti nyembamba akauliza.

Mwalimu alifutia mkono kwenye kanzu yake, upande wa kulia. "Nitalionyesha."

"Sheria haidai lionyeshwe," Bwana Pandu akasema upesi, na akagonga meza. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Wafikio humpenda sana mtu aliyekosea. Watu asiowajua walimkumbatia, wanawake wakapiga vigelegele, na nje uani wafunga-njia wakaanza kuvunja vibao vyake kwa nyundo. Sauti ya mbao ilisikika mpaka ndani.

Kidawa alipita mbele yetu kuelekea mlangoni. Mwalimu akamwita, "Mwanangu." Hakugeuka. Alihamia chuo cha upande wa pili wa nchi mwezi ule ule.

Nilikaa kwao siku chache zaidi kumalizia kazi. Daktari alikuja, Bi Siwazuri akapata nafuu. Lakini hakumsemesha mumewe kwa muda, na aliponiona namtazama alisema, "Amenipa kitu ambacho sikumwomba, Bwana Mwinshehe, na siwezi kukirudisha. Nikikirudisha nitakufa." Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Mwalimu ukumbini mwa nyumba yake, mbele ya ubao mpya. Alikuwa ameanza kuiandika upya ile hesabu yote, kwa herufi ndogo sana.

"Unairudia, Mwalimu?"

"Nalitafuta lile kosa."

Nilidhani anatania. "Si hakuna?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeguswa mahali penye kidonda. "Nimesema mbele ya Baraza kwamba lipo. Mimi sijawahi kusema uongo mbele ya watu. Lazima litakuwepo."

Nikaaga, nikaondoka.

Safari ya pili nilikuwa na mvi. Barua ya serikali ilisema tu kwamba ramani haitoshi tena. Nilipofika nilikuta mji umechanganyikiwa, na chanzo chake kilikuwa kitu kisichoonekana kwa macho.

Watu wa Idara ya Machimbo walikuwa wamepata jiwe linalotoa chembe ndogo kuliko vumbi lolote. Wakataka kujua chembe hizo zinakwenda wapi, wakatumia Njia ya Kale, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Kifikio, watu hawakufika. Jibu lilitoka si lenyewe. Wakarudia. Likatoka tena si lenyewe. Wakubwa wa machimbo walilia hadharani.

Lakini baya zaidi lilikuwa bado. Waliweka ukuta mwembamba wenye matundu mawili, wakaurushia chembe moja moja, na nyuma ya ukuta wakaweka kioo cha kupokea alama. Alama zikajipanga kwa mistari, kama mawimbi ya maji yaliyopita matundu yote mawili na kukutana upande wa pili. Hapakuwa na namna nyingine ya kusema: chembe moja ilikuwa imepita njia mbili. Katika nchi ile! Baraza lilikutana kwa dharura na kuishitaki chembe chini ya Sheria ya Njia Moja. Hati ya mashtaka niliiona kwa macho yangu, mahali pa jina pameandikwa "haijulikani" na mahali pa makazi pameandikwa "haijulikani ipasavyo." Askari aliwekwa kwenye tundu. Naye aliporipoti, taarifa yake ilizua mjadala ambao nadhani haujaisha mpaka leo. Alisema kwamba alipotazama, kila chembe ilipita tundu moja kwa utii kamili na ile mistari ikatoweka, na kila alipoacha kutazama, chembe zilirudia uovu wao. Wajumbe wengine walitaka askari wengine waajiriwe. Wengine walisema ni chembe ya kwanza katika nchi kuonyesha hofu ya serikali na ipewe tuzo.

Aliyewatoa humo ni Kidawa. Alikuwa amerudi, sasa ni mkuu wa chuo, uso umekonda, sauti imepoa. Alisimama mbele ya Baraza na kusema kwamba iko hesabu inayoandika mwendo wa kitu kana kwamba ni wimbi, na kwamba kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwenye chembe. Hatua hiyo ameipiga, na majibu yanalingana na kioo. Walimwuliza ameitoa wapi. Akasema, "Kichwani. Vibao mlivivunja. Ni ya Mwalimu Makungu."

Baraza lilifanya lilivyozoea. Lilitangaza Njia ya Makungu kuwa njia pekee ya nchi, na likaamuru Njia ya Kale ifungwe. Kidawa aliwaeleza kwamba Njia ya Kale haina ubaya kwa mawe na madaraja, kwamba zote mbili zinahitajika, kwamba Mwalimu mwenyewe hakuwa na ugomvi nayo. Walimsikiliza kwa heshima kubwa. Kesho yake mafundi wa visima waliagizwa wasiteremshe ndoo mpaka wakokotoe mawimbi yake, na mji ukakaa bila maji.

Ilipangwa pia Mwalimu apewe heshima. Siku ya pili yake wajumbe wote wangekwenda nyumbani kwake na ngoma, wamvishe joho, watangaze mbele ya watu kwamba hakukosea.

Kidawa alikuja nilikofikia. Hakuketi.

"Mwinshehe, nataka asikie kwangu kabla hajasikia kwa ngoma. Njoo nami."

"Mmeonana lini mara ya mwisho?"

"Ukumbini. Siku ya kesi." Alisugua kiganja kwa kidole gumba. "Kwanza nilikuwa na hasira. Baadaye hasira ikaisha, nikaona aibu ya kukaa na hasira muda wote ule. Sitaweza kubisha hodi peke yangu."

Bi Siwazuri ndiye aliyefungua. Alikuwa amekuwa mdogo, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na pumzi yake ilisikika kabla ya sauti. Alimtazama Kidawa.

"Umekuja kabla sijafa," akasema. "Ahsante, mwanangu." Kisha akatoka nje na kuurudisha mlango nyuma yake. "Kabla hamjaingia, nisikilizeni. Hajambo siku hizi. Miaka yote hii alikuwa halali usingizi, hali chakula, yuko mbele ya ubao tu. Nilimwambia, Makungu, liache, hakuna anayekudai. Hakuweza. Lakini masika iliyopita alilipata. Tangu hapo anakula. Anaimba, hata."

"Alipata nini, mama?"

"Kosa lake."

Kidawa alinigeukia, kisha akausukuma mlango.

Tulimkuta ukumbini, juani, karibu na dirisha. Alimtambua Kidawa mara moja na akainuka kwa furaha isiyo na kinyongo hata kidogo. Hakuuliza alikuwa wapi. Alimshika mkono, akampeleka mbele ya ubao kama mtoto anayeonyesha alichojenga.

"Njoo uone. Lilikuwa hapa muda wote. Unaiona alama hii? Niliweka kutoa mahali pa kujumlisha. Kitu kidogo kama chawa! Na wewe uliipitia ukasema hakuna. Sote wawili lilitupita." Alicheka. "Niliwaambia Baraza nitalionyesha. Wengi wao wamekufa, lakini nilisema kweli."

Kidawa aliitazama ile alama. Mimi si mtu wa hesabu, nilimtazama yeye. Aliniambia baadaye kwamba alama ya kwanza ilikuwa sahihi. Ni macho ya Mwalimu yaliyochoka, yakaruka mstari mmoja wa juu. Angeweza kunyamaza. Nadhani angenyamaza, kama si ngoma za kesho.

"Mwalimu," akasema polepole, "alama ilikuwa sawa. Tazama mstari wa juu yake."

Alitazama. Alipitisha kidole, akarudi, akapitisha tena. Nilimwona alipofika, kwa sababu mkono ulianguka pembeni.

"Hakukuwa na kosa, Mwalimu," Kidawa akasema, na sasa maneno yalimtoka mengi kwa pamoja. "Ulikuwa sahihi. Baraza limekubali. Kesho wanakuja wote kukuambia. Nchi nzima—"

"Basi nilisema uongo," Mwalimu akasema.

Aliketi kwenye kiti chake. Habari zote tulizomletea, chembe na kioo na joho, hazikuwa zimemfikia. Kilichomfikia ni hicho kimoja.

Bi Siwazuri alikwenda akasimama nyuma ya kiti na kuweka mikono mabegani mwake. "Ulisema uongo," akakubali. "Na mimi nikavuta pumzi. Kila pumzi niliyoivuta tangu siku ile imetoka hapo. Kwa miaka nilikukasirikia. Kama ni dhambi, tugawane, Makungu, maana mimi ndiye niliyeila."

Mwalimu alipapasa begani mpaka akaupata mkono wa mkewe, akaushika.

Kidawa alikuwa analia bila kujificha. "Ningekuja hata mara moja," alisema. "Ningeutazama ubao huu mara moja tu, ningekuambia uache kutafuta."

"Ungekuja, tungekunywa chai," Mwalimu akasema. Nadhani alikusudia kumfariji. Kisha akainua macho, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule mtu wa meza ya chakula. "Umesema chembe. Imekwenda mpaka wapi?"

Kidawa alifuta uso kwa ncha ya mtandio, akachukua chaki. Alianza kando, mahali palipo wazi, akaandika mstari wa Mwalimu wa mwisho, ule wa wimbi. Kisha akapiga ile hatua yake. Mwalimu alisogea mbele kitini. Mwanzo alikuwa anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Halafu akaomba arudie. Kidawa akarudia. Akaomba tena, kwa sauti ya chini zaidi, na Kidawa akapunguza mwendo, akaandika kwa herufi kubwa, akaeleza kila kipande kama anavyoelezwa mtu wa darasa la kwanza. Bi Siwazuri aliangalia dirishani.

Nilijua ilipofika mahali ambapo Mwalimu hakuwa nasi tena, kwa sababu aliacha kuuliza. Alikaa wima, mikono magotini, akatazama mpaka mwisho kwa adabu, kama mwanafunzi asiyetaka kumvunja moyo mwalimu wake.

"Vizuri sana," akasema Kidawa alipoweka chaki chini. "Vizuri mno, mwanangu. Ni kazi kubwa. Umeitunga mwenyewe?"

"Hapana, Mwalimu. Ni yako."

Alitabasamu, kama mtu aliyeletewa kwa makosa zawadi ya jirani, na hataki kumwaibisha aliyeileta.